Unga wa Njano

Jana mwenye duka alifungua gunia la unga wa mahindi ya njano, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Mtama.

Kiwanda cha korosho kilikuwa kimefungwa. Mama, aliyekuwa mbanguaji, alishinda nyumbani na vidole vilivyoungua kwa mafuta ya maganda. Akaja mzee mgeni, wa dini ya watu wanaosali kwa kukaa kimya. Alitua mfuko wa unga wa njano mlangoni.

"Nimezoea kula jasho langu, mzee wangu," mama alimwambia. "Wapelekee wenye shida."

Sisi watoto tulikuwa tumelalia uji mwepesi wa muhogo. Mzee hakubishana. Aliomba maji. Mama akamletea kwa kikombe cha wageni, naye akanywa taratibu mpaka yakaisha.

"Umenipa, nami nimepokea, mwanangu," alisema. "Nawe naomba upokee changu."

Mama alikipokea kile kikombe. Kisha akaubeba ule mfuko, akawasha moto, akasonga ugali. Mzee alipotaka kuaga, mama alimtandikia mkeka.

"Kaa ule na wanangu. Hapa huondoki na njaa."

Mzee akanawa, akakaa nasi. Kila alipomega tonge dogo, mama alimsogezea sinia.