Kisanduku cha Mjane

Mimi siamini wema unaohesabika. Niliuchukia tangu siku ya kwanza niliponunua mashine ya gemu, mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, nikaiweka sebuleni kwangu ghorofani, Mji wa Kale, na kumwambia mke wangu ni ya wageni.

Mchezo wenyewe ni wa nchi ya kubuni: mashujaa, majini, mazimwi, wafalme wasiokuwa na akili. Kwenye pembe ya kioo pana mstari, nusu mweupe, nusu mweusi. Ukimwokoa mtu, weupe unapanda. Ukimuua asiye na hatia, weusi unapanda, na usipojirekebisha uso wako unaanza kusawijika na pembe zinakuota. Wenye maduka wanakujua kwa mstari huo. Mweupe hupunguziwa bei, mweusi hufungiwa mlango.

Nikajiuliza, ni nani aliyekaa kitako akapima kwamba sarafu moja kwa ombaomba ni sawa na weupe kiasi hiki? Sisi tumefundishwa kwamba kuna malaika wawili mabegani, wanaandika, lakini hawakuonyeshi daftari. Humu daftari li wazi, na ukishaliona huachi kulichezea. Ndani ya wiki moja nilikuwa nimejua kwamba ombaomba wa lango la mji hupokea mara ishirini mfululizo bila kuchoka, na kila mara weupe unapanda. Kutoa ni moyo, wazee walisema. Humo kutoa ni kidole tu.

Na kuna hili lililonikera zaidi: usiloonekana ukilifanya halihesabiwi. Kijijini mwa mwanzo yupo mjane ambaye kila asubuhi hutoka kwenda kisimani. Nyumba yake haina kufuli. Ndani mna kisanduku, na kisandukuni shali nyekundu, kinara cha shaba na pete. Ukivichukua hayupo, mstari hautikisiki.

Basi mwaka uliopita binti wa kaka yangu akaposwa. Kijana alikuwa wa mtaa wa Buxton, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Kwetu posa haijibiwi papo hapo. Hutumwa mtu akamuulizie mposaji msikitini, barazani, kazini, na kaka yangu akanituma mimi kwa kuwa anajua sidanganyiki kwa urahisi. Binti mwenyewe alinikuta kwenye ngazi akanishika mkono.

"Ami," akaniambia, "huyu namtaka. Muulizie, lakini nakuomba usiwe wewe wa kila siku, wa kumshuku kila mtu."

Nilicheka. Nilimpenda mtoto yule kama wangu, na sikutaka aolewe na mtu wa kujionyesha.

Nikauliza. Msikitini wakaniambia hakosi safu ya mbele. Muuza kahawa wa mtaa wa Makadara akasema hajawahi kumsikia akiinua sauti. Jirani zake wakasema kila panapotokea msiba yeye ndiye wa kwanza kulitia bega jeneza. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake nyumbani. Mimi kila sifa ilinizidishia wasiwasi. Safu ya mbele huonekana, na bega chini ya jeneza huonekana. Usione vyaelea, vyaundwa, nikajiambia, na huyu ameundwa na fundi. Nikamwalika kwangu baada ya Alasiri.

Alikuja na adabu zake zote. "Salaam aleikum, ami. Hamjambo nyumbani?" Akavua viatu, akavipanga. Nikamnywesha kahawa, kisha nikamfungulia mchezo ule ule auanze upya, nikampa pedi ya kuchezea mkononi. Alicheka, akasema hajacheza tangu shuleni. Nami nikakaa nyuma yake kidogo, nimtazame.

Akampa ombaomba sarafu, mara moja tu. Akafika kwa mjane. Mjane akatoka na ndoo yake. Kijana akaingia ndani, akakizunguka kisanduku, akakifungua, akachukua shali, akachukua kinara, akachukua pete.

"Humuogopi mwenyewe?" nikamuuliza.

"Haihesabiwi hii, ami," akanijibu akicheka. "Hebu tazama, mstari uko pale pale."

Moyo wangu ulitulia kwa furaha mbaya ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Ijumaa tulikuwa tumezunguka sinia la pilau kwa kaka yangu. Akaniuliza mbele ya wote, "Haya, wamuonaje yule kijana?"

Kwetu mtu hatukani posa ya mwenziwe. Hakuna anayesema mwizi wala mlevi, ni haramu kumchafulia mtu jina. Kuna maneno yanayotosha, na kila mmoja anayajua.

"Kijana wa watu," nikasema. "Mungu ndiye ajuaye. Mimi simjui sana."

Mikono ikasimama juu ya wali. Kaka yangu akatikisa kichwa taratibu. Jumapili wazee wa kijana wakaambiwa binti bado anataka kusoma. Haukupita muda kijana akaposa kwingine, mtaa wa Ganjoni, na huko wakamkubali.

Binti hakuniuliza kitu kwa miezi miwili. Kisha alasiri moja akaja, akaketi kwenye mkeka, akaniuliza kwa upole ni nini nilichokiona. Nikamweleza, na sitaficha, nilimweleza kwa majivuno: ombaomba, mjane, kisanduku, shali nyekundu. Nikamwambia mtu hujulikana pale asipohesabiwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua pedi, akafungua mchezo wangu mimi.

Shujaa wangu akatokea na kanzu nyeupe, uso unang'aa, mstari umejaa weupe mpaka ukingoni. Binti akaufungua mkoba wa shujaa. Akashuka taratibu, kitu baada ya kitu, mpaka chini kabisa, kwenye vitu vya wiki ya kwanza. Shali nyekundu, kinara cha shaba, pete.

Ningependa kusema nilikuwa nimesahau. Sikuwa nimesahau.

"Huu ni mchezo tu, mwanangu," nikasema.

"Ndiyo, ami. Ni mchezo tu."

Akaiweka pedi juu ya mkeka, akainuka, akajitanda buibui lake. Mlangoni aliinama kutafuta kiatu, na akasema bila kunitazama:

"Siku mtu akija kwangu kukuulizia wewe, nimwambie nini?"

Akakipata kiatu, akakivaa.

"Ntamwambia simjui sana."