Sauti ya Mke Wangu Ndani ya Skrini ya Kijapani

Sijui kama nina haki ya kukasirika, na naandika ili nijue. Shule niliishia darasa la nane, kazi yangu ni teksi, na mambo ya mitambo nayajua kwa kuulizia tu. Mahali nitakapokosea, kosa ni langu. Lakini hasira ninayo, na imekataa kushuka.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, lilitumika kwao kwanza kabla ya kushushwa bandarini hapa. Lilikuja na skrini katikati ya dashibodi: redio, ramani na mahali pa kutia CD, vyote kitu kimoja. Ramani ni ya Ujapani. Nikiwa nimeegesha mlangoni kwangu, mtaa wa Shika Adabu huku Likoni, kishale cha gari huonekana kimesimama katikati ya bahari isiyo na jina. Kuna na mwanamke wa ndani ya skrini ambaye kila niwashapo gari huniambia jambo kwa upole mwingi. Mpaka leo sijui kama ananisalimu au ananionya. Nilikuwa namjibu "marahaba" tukaendelea na safari.

Katika skrini nzima palikuwa na mahali pamoja tu pasipo na Kijapani. Nilipagundua siku moja nikingoja abiria karibu na feri, nabonyeza hapa na pale. Kurasa na kurasa za Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Kiingereza changu ni cha kutembelea mkongojo, lakini nilishika hili: kwamba programu nyingi zilizomo humo ziliandikwa na watu wengi, wakazitoa kwa ridhaa yao, na kwamba anayezipokea ana ruhusa ya kuzitumia, kuzinakili, kuzichungua na hata kuzibadilisha. Nikaona ni maneno ya mawakili. Nikafunga, nikarudi kwenye redio.

Sasa nieleze habari ya wimbo.

Mke wangu alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu. Wimbo mmoja aliutunga mwenyewe kwa Kigiriama, na kabla kwaya haijaurekodi, alikwenda studio akauimba peke yake kwa majaribio. Wakampa CD moja, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Kwaya haikuwahi kuurekodi, kwa sababu aliugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Studio ilifungwa, na mwenye studio aliniambia kompyuta yake aliiuza ikiwa na kila kitu ndani. Simlaumu, alikuwa na shida zake.

Nilipotia CD ile kwenye gari mara ya kwanza, skrini iliinakili yenyewe, bila kuniuliza. Ndivyo ilivyotengenezwa: ukiipa CD, inakula nyimbo na kuziweka kwenye diski iliyo ndani. Nilifurahi. Nikawa mzembe pia, kwani niliiacha CD juu ya dashibodi, na jua la Likoni likaikunja kama chapati. Sikujali sana. Wimbo si umo ndani?

Kitinda mimba wangu hakumbuki sauti ya mamake. Alikuwa mdogo mno. Lakini kila asubuhi nikimpeleka shule, akishafunga mlango tu, husema, "Baba, tia mama." Namtilia. Anakaa kimya mpaka wimbo uishe, kisha ndipo anaanza kuzungumza mambo yake ya shule. Kwa hiyo alimjua mamake hivyo, kwa spika ya mlango wa kushoto, kwani ya kulia iliharibika.

Mwaka huu tulifiwa huko kwetu Kaloleni, nikaenda kwa gari la watu, langu nikaliacha nyumbani. Huku kwetu gari likilala siku nyingi, kichwa cha betri, kile kibanio cha waya, hutolewa. Kila dereva hufanya hivyo: betri haimalizwi, na mwizi naye ahangaike kidogo. Nilifanya vivyo hivyo kwa gari langu la zamani miaka yote. Basi nikatoa kichwa, nikaenda zangu matangani.

Niliporudi nikarudisha kichwa, nikawasha. Yule mwanamke hakusema lolote. Skrini ilikuwa nyeusi, ina maandishi ya Kijapani na vijumba vitupu vya kujazwa namba.

Nililipeleka stejini. Madereva wenzangu wakalizunguka kama wanaangalia ajali.

"Mjapani amekukasirikia," akasema mmoja. "Uliondoka bila kumuaga."

"Tia sifuri zote. Watu wote hutia sifuri."

"Tia mwaka wako wa kuzaliwa."

"Wa kwake wa nini? Gari lamjua huyu? Atie mwaka wa kuzaliwa wa mwenyewe huko Ujapani!"

Tulicheka, nami nilicheka. Nikatia sifuri. Skrini ikalia mlio mmoja mkavu na kuandika kitu kwa rangi nyekundu. Nikatoa mkono. Kesho yake mtoto akaingia, akafunga mlango.

"Baba, tia mama."

"Redio imeharibika, mwanangu. Itatengenezwa."

"Na mama je?"

Nikatia gia, nikampeleka mpaka getini mwa shule.

Nilikwenda kwanza kwa kijana mmoja wa bara anayeuza redio za magari hapo Likoni. Hakuangalia hata mara mbili.

"Mzee wangu, hiyo kitu ni ya kutupa. Nakuwekea skrini mpya kubwa, inashika intaneti, inaongea Kiingereza."

"Na wimbo uliomo ndani?"

"Nyimbo ziko kibao mtandaoni. We nitajie mwimbaji tu, natafuta saa hii."

"Mwimbaji ni mke wangu. Alikufa. Huko mtandaoni hayuko."

Lazima niwe mkweli juu ya kijana yule. Alivua kofia yake, akasema pole, kisha akanielekeza kwa fundi wa kike huko Changamwe, ilhali angeweza kuniuzia skrini yake siku ile ile. Wengi wasingefanya hivyo.

Fundi mwenyewe nilimkuta nyuma ya duka la spea, barabara ya malori ya mafuta, mikono ya buibui ameipandisha hadi kwenye viwiko, mbele yake redio zimefunguliwa matumbo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiwe daktari."

"Daktari wa vya watu. Cha kwangu kikiharibika nalia kama wenzangu." Akaingia garini, akaitazama skrini. "Ulitoa betri?"

"Kichwa tu."

"Ndiyo hivyo. Inadhani imeibwa. Yataka namba ya siri. Kadi ya gari umekuja nayo?"

Damu ikanipanda. "Unaniona mwizi?"

"Sikuoni mwizi, baba. Lakini mwizi naye akija hapa haji na kinyago."

Alikuwa na haki, na nilimpa kadi. Na hapa niseme haki ya upande wa pili pia: jirani yangu alivunjiwa kioo, redio ikang'olewa. Kufuli lile liliwekwa kwa ajili ya watu kama wale. Likiwa la kumzuia mwizi, sina neno. Neno langu ni kwamba gari hili likidaiwa bima ni langu, polisi wakilisimamisha ni langu, likigonga mtu ni langu. Namba ya kuliambia kwamba ni mimi, hiyo si yangu. Alikuwa nayo mtu wa kwanza, huko kwao, na kampuni iliyolitengeneza. Kwangu gari lilikuja bila namba, na hakuna aliyeniambia kwamba ipo.

Nikakumbuka zile kurasa za Kiingereza, nikamweleza nilivyozielewa. Nilitaraji atanicheka. Hakucheka.

"Umesoma sawasawa. Zaitwa programu huria. Humu ndani, kazi kubwa ya chini kabisa, ya kuiamsha mashine na kuiendesha, ni ya watu waliojitolea, kila mmoja kwao. Wameandika, wakaacha maandishi wazi ili yeyote asome na atengeneze."

"Basi yasomeni, mfungue."

"Kufuli si lao. Hilo ni la kampuni. Yaani, baba, fikiria watu wamejenga nyumba kwa harambee. Mwingine akaja akaikarabati, akatia rangi, akatia na mlango wake. Ufunguo wa mlango hauko katika harambee."

"Na walioijenga wanakubali?"

"Wengine wamekubali. Wengine wanapiga kelele kila siku kuwa mwenye kitu apewe na njia ya kukifungua. Wallahi wanagombana wenyewe kwa wenyewe kuliko siasa."

Nililala na maneno hayo. Nilijiuliza mimi ni nani wa kusema, mtu ambaye hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Kampuni nayo imefanya kazi: ramani ni yao, spika ni zao, yule mwanamke mpole ni wao. Hata hivyo sikuweza kulimeza. Wewe kampuni umepewa bure, kwa sharti la moyo mweupe, na sharti hilo ukaliandika mwenyewe ndani ya skrini, kwa lugha ambayo mwenye gari wa kwanza pengine hakuisoma. Kisha mbele yake ukatia kufuli.

Fundi aliwaandikia watu wa kampuni barua pepe. Aliandika kwa adabu, akaeleza kuwa mwenye gari yupo, kadi ipo, na kwamba ndani kuna sauti ya marehemu. Walijibu, siwezi kusema hawakujibu. Walishukuru kwa kuchagua gari lao. Wakasema gari lile lilikusudiwa soko la Ujapani pekee, kwa hiyo mteja afike kwa wakala aliyeliuza mara ya kwanza. Na kuhusu maandishi ya zile programu huria, muda wa kuyaomba umekwisha.

Nilimwomba anisomee tena pale pa wakala.

"Nifike," nikasema. "Nivuke feri, kisha niulize Ujapani ni kushoto au kulia?"

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikuwa natania sana.

Aliyetufungulia hatumjui. Fundi alinieleza kwamba kuna watu hukutana mtandaoni, wamefungiwa vitu vyao kama mimi, na anayepata njia huiandika wazi ili mwenzake asihangaike. Mmoja wao, wa nchi gani hakusema, alitengeneza programu ndogo: unaipa namba iliyobandikwa nyuma ya skrini, nayo inakutolea namba ya siri. Aliiweka hadharani, na maandishi yake yote, bila kudai kitu. Fundi aling'oa skrini, akasoma kibandiko kwa tochi ya simu, akaandika. Akanigeuzia kompyuta.

"Bonyeza mwenyewe. Gari ni lako."

Nikabonyeza, namba ikatokea; akarudisha skrini mahali pake, nami nikajaza vijumba. Skrini ikapepesa, na yule mwanamke akasema maneno yake ya kila siku. Nikamwitikia marahaba kwa sauti, mbele ya watu, bila haya. Kisha nikatafuta wimbo, nikaupata, na mke wangu akaimba pale Changamwe kati ya vyuma na matairi. Fundi alitoka nje ya gari, akafunga mlango polepole, akaniacha.

Aliporudi, uso wake haukuwa wa furaha.

"Baba, wasikia kitu kinagonga kidogo humo ndani? Diski imechoka. Haina maisha marefu. Tuutoe wimbo leo."

"Toa basi."

Akajaribu. Alijaribu hivi na vile, jasho likamtoka. Diski aliichomeka kwenye kompyuta, nyimbo zikawa ni fujo tupu zisizofunguka. Akairudisha.

"Inaingiza, haitoi," akasema mwishowe. "Wamezifunga ndani ya mashine hii hii, watu wasije wakanakili nyimbo za wenyewe wakauza."

"Mwenyewe ni nani hapo?"

Wimbo aliutunga mke wangu. CD ilikuwa yake, gari ni langu. Na kutoka Ujapani mtu alikuwa ameamua kwamba mimi namwibia msanii.

Ikabidi tuurekodi kwa simu. Nilizima injini, tukapandisha vioo, joto likawa la tanuri. Fundi akawasihi wenye kukata vyuma wapumzike kidogo, nao wakapumzika. Nikashika simu karibu na ile spika ya kushoto, nikazuia pumzi. Aliimba vizuri mpaka ubeti wa pili, na hapo lori la mafuta likapiga honi barabarani, ndefu, ya hasira. Tukataka kurudia. Nilipobonyeza tena, diski ikagonga, ikagonga, ikanyamaza. Tulingoja ipoe. Tukajaribu jioni, tukajaribu kesho yake. Skrini inawaka, ramani ipo, bahari ipo, mwanamke anasema. Mahali pa nyimbo ni patupu.

Nimejaribu kuwa na haki kwa kila mtu. Diski huzeeka, hakuna aliyeiua. Mwenye kuacha CD juani ni mimi, mwenye kutoa kichwa cha betri ni mimi. Lakini wimbo ulikuwapo pale, mzima, safi, mbele ya macho yetu, kwa muda wa kutosha kuutoa. Aliyekataza hayupo Likoni wala Changamwe, na hatajua kamwe alichokataza.

Mtoto nimemtilia kwenye simu. Ubeti wa pili ukifika, mamake anapotea ndani ya honi, kisha anatokea tena upande wa pili. Mara ya kwanza alishtuka akanitazama. Siku hizi ameuzoea. Jana nilimsikia jikoni akiosha vyombo, akiuimba peke yake kwa Kigiriama, na alipofika pale akapiga honi kwa mdomo, ndefu, kisha akaendelea. Ndugu zake walicheka. Mimi nilitoka nje, kwa sababu maneno yaliyofunikwa pale siyakumbuki, na hakuna mwingine wa kumuuliza.