Kimea cha Mama na Jumapili ya Kurudi Kundini

Tuliokulia Katandala enzi za ruksa tunajuana hata bila kutajana majina. Ukimwona mtu wa umri wangu anaokota kuni njiani bila kutumwa, mwulize alisoma wapi. Shuleni tulikwenda na fagio, dumu la maji na kuni mbili, na ukisahau kimoja unapata chako mlangoni. Upepo wa Ufipa ulikuwa unatupasua midomo mpaka tukicheka damu inatoka, na bado jioni tulikuwa tunacheza rede mpaka mama zetu waite mara ya tatu. Mara ya nne hakukuwa na kuita. Wanangu nikiwasimulia wanasema, "Mama, mliteseka." Hatukuteseka kwa hilo. Mateso yangu yalitoka kwingine, na leo nitayasema, maana nimekaa nayo muda mrefu na hayajapungua.

Baba alikuwa Mkinga, dereva wa shirika la umma. Mama alikuwa Mfipa wa hapohapo, amezaliwa Mkatoliki kama karibu kila mtu Ufipa, akaingia Ulutheri kwa kuolewa. Wengi huingia dini ya mume kama wanavyoingia nyumba ya kupanga. Mama aliingia akafunga mlango. Aliimba kwaya sauti ya pili, alifua vitambaa vya madhabahu, na Chakula cha Bwana alikiendea amefunga tangu jana yake. Walutheri tulikuwa wachache, wengi watu wa kuja: walimu, manesi, makarani. Kanisa letu la mabati lilikuwa na kengele ya rimu ya lori inayopigwa kwa nondo. Mchungaji alikaa mbali, akifika kwetu mara chache kwa pikipiki, amelowa matope mpaka kwenye kola. Jumapili nyingine zote alituongoza mwinjilisti.

Soko huria likaja. Madukani sabuni zikajaa za kila rangi, mitumba ikamwagwa sokoni, nasi watoto tukafurahi kuvaa viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya. Mwaka huohuo shirika likapunguza watu, baba akiwemo. Alikaa ndani miezi, anafuta viatu vya kazi kila asubuhi na hatoki. Mama alivumilia, na uvumilivu ulipokwisha akafanya ambacho mwanamke yeyote wa Kifipa anakijua tangu kwa bibi yake. Akapika pombe ya ulezi, akauza uani. Tukala. Sare nikapata. Na kanisa likamtenga.

Kwa vijana wa leo inabidi nieleze. Kutengwa maana yake jina lako linasomwa kwenye matangazo, baada ya habari za wagonjwa na ndoa zinazotangazwa. Kuanzia hapo unakaa benchi la nyuma karibu na mlango, huimbi kwaya, mezani pa Bwana huendi. Na ukifa kabla hujarudi, kengele haipigwi, mchungaji haji, wanakuzika majirani kama wanavyojua. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima mama usingizi. Mama mdogo, mdogo wake, aliyebaki Mkatoliki, alimwambia, "Dada, rudi kwetu. Padri hana ugomvi na ulezi." Mama akajibu, "Nilipoingia ndipo nitakapotokea." Mama mdogo akaguna, akaendelea kuchambua maharage.

Kwa utaratibu wa usharika wetu, watu walirudi kundini siku moja tu kwa mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, ili Pasaka iwakute mezani. Kwa hiyo mama aliacha kupika tangu kabla ya Krismasi. Mitungi akaigawa. Akaanza kuuza maandazi, na kila Jumatano alikwenda kwenye mafundisho ya toba kwa Mzee Elia, mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Mzee Elia alikuwa fundi cherehani, mtu mwema, nasema bila kejeli. Alinishonea sketi ya shule na hakutaka hata kusikia tutamlipa nini. Ila alikuwa mtu wa kupima kila kitu kwa futi yake, na akishapima hapimi tena.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo mama alikuwa mtu mwingine. Alipaka kuta chokaa. Alitafuta kitambaa cheupe cha kichwa. Akasema siku ya kurudi kwake usharika mzima utapita nyumbani, na hatawapa soda, atawapa togwa la kwao. Basi akaloweka ulezi, akaufunika mpaka ukachipua, na jua lilipochungulia kati ya mvua akauanika kwenye mkeka uani. Mimi nilikuwa nafukuza kuku kwa kijiti.

Vijana wa vinywaji vya kopo hawajui, lakini sisi tunajua: kimea ni kimoja. Ukikitia kwenye uji ukalaza usiku mmoja, unapata togwa tamu ambalo hata mtoto mchanga anapewa. Ukikiacha siku kadhaa, unapata kinachowaangusha wanaume kwenye mifereji. Ukikiona mkekani huwezi kujua kinakwenda wapi. Lazima umwulize mwenyewe.

Jumapili iliyotangulia, kwenye shule ya Jumapili, mwalimu wetu, binti wa Mzee Elia, aliuliza nani ana habari njema ya nyumbani. Nilinyoosha mkono mpaka nikasimama juu ya benchi. Nikasema, "Mama ameloweka ulezi. Jumapili ijayo mtakuja wote kunywa." Watoto wakacheka. Nikadhani wamefurahi. Nilikuwa na miaka tisa, na kile kimea nilikionea fahari kama baba alivyoionea fahari leseni yake.

Alhamisi Mzee Elia akapita kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia akiangalia mkeka. Mama akatoka anafuta mikono, akamkaribisha maandazi. Akasema ameshiba. Wakaongea habari za mvua, na barabara ya Mpui ilivyokatika. Mzee hakuuliza kitu, na mama hakueleza, maana hakuona kwamba kuna cha kueleza. Akaaga, akaenda. Nimeirudia dakika ile kichwani kwangu mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Ilihitaji swali moja tu.

Jumapili ikafika na mchungaji akafika. Waliotubu waliketi benchi la mbele, mama akiwa wa pili kutoka kushoto, kitambaa cheupe kichwani, mgongo umenyooka. Mchungaji akasoma majina, na kila aliyetajwa alikuwa anasimama. Wakasimama wanne. Akakunja karatasi. Mama alikuwa ameshanyanyuka nusu, mikono imeshika benchi, na kwa muda hakujua akae au asimame. Kisha akakaa. Wale wanne wakaulizwa, wakajibu, wakapewa mkono, kwaya ikaimba. Mimi nikawa naangalia kisogo cha mama.

Nje, mama akamfuata Mzee Elia. "Mzee, jina langu limesahaulika?"

"Mama Tumaini, Mungu hadhihakiwi. Kimea nimekiona kwa macho yangu. Na mtoto wako alishakisema mbele ya wenzake."

"Kimea cha togwa, mzee. La kuwapokea ninyi."

"Hata pombe huanza togwa," akasema, kwa upole kabisa, kama anayemfariji mfiwa. "Vumilia mpaka mwakani."

Mchungaji alikuwa ameshawasha pikipiki, anawahi bonde la Rukwa kabla mto haujajaa. Mama hakunigeukia. Hakuniuliza nilisema nini wala lini, si siku ile wala nyingine. Angenichapa ningeshukuru. Nyumbani togwa lilikuwa tayari kwenye ndoo mbili. Hakuja mtu. Tulikunywa sisi na majirani wa Kikatoliki, na siku ya tatu lilianza kuchachuka, mama akalimwaga shimoni kwa haraka, kana kwamba kuna mtu anatuchungulia.

Kwaresima ile mvua hazikukata. Mama aliendelea kwenda kanisani, benchi la nyuma, mlangoni, mahali upepo unapoingilia. Wiki ya tano kichomi kikamlaza. Baba akavaa vile viatu vyake alivyokuwa anavifuta, akaenda kwa Mzee Elia. Mzee akaja, akapiga magoti, akaomba huku analia, lakini kumrudisha mtu kundini hakuweza, hiyo ni kazi ya mchungaji, na mchungaji alikuwa Mtowisa, ng'ambo ya matope. Siku tatu mama aliuliza kama pikipiki imesikika. Siku ya nne hakuuliza.

Kengele haikupigwa. Majirani walichimba, wakashusha, na hakuna aliyejua aanze na nini. Mwishowe mama mdogo akaanzisha Salamu Maria, wanawake wakaitikia. Baba, Mlutheri wa kuzaliwa, akainamisha kichwa akaacha waendelee. Mzee Elia alisimama mbali, kofia mkononi.

Leo matangazo ya usharika yanakuja kwenye simu. Kanisa ni la matofali, lina spika zinazosikika mpaka stendi, na vijana wanamsalimia mchungaji, "Mambo," naye anajibu, "Poa." Zamani ungezirai. Mwaka jana, Kwaresima ilipokaribia, nilikwenda ofisini kwake. Ni kijana, sawa na mwanangu wa kwanza, ana heshima, alinipa kiti. Nikamweleza yote, nikamwomba Jumapili ile alitaje jina la mama pamoja na wanaorudi. Mara moja tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, kwa huruma ya kweli, "Mama, mbona siku hizi hatutengi mtu kwa kupika pombe. Utaratibu huo ulishaachwa kitambo."

Nikamwuliza uliachwa lini. Akafikiri, akasema hajui, alipofika aliukuta haupo. Nimesali kanisa lile maisha yangu yote, sijakosa Jumapili ila ya uzazi. Tangazo la kuuacha utaratibu huo sijawahi kulisikia likisomwa.