Kifaranga Hakutokea

Binti yangu alitandika mkeka sakafuni saa nane, ingawa katuni ilikuwa ianze saa kumi. Alikuwa amewaalika watoto watano wa vyumba vingine vya ploti yetu hapa Masimba. Walipofika akawapanga, wafupi mbele, warefu nyuma, kama mwalimu wa zamu. Aliwaambia wote jambo lile lile: "Ngojeni kifaranga. Akikuja nitawaonyesha."

Mimi nilikuwa kwenye cherehani pembeni, nashona kola ya sare ya shule ambayo mwenyewe hakuwa na haraka nayo. Nilitaka mikono iwe na kazi. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kifaranga hangekuja.

Nilipokuwa mtoto kule Itumbe, marehemu babangu alifanya kazi katika kiwanda cha chai, na jirani yetu, fundi wa mashine wa pale pale kiwandani, alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi iliyotumia betri ya gari. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi hatukuthubutu hata kuitaja. Lakini Jumapili jioni fundi alifungua mlango, nasi tukajaa sakafuni kutazama katuni ya Nungu. Nungu alikuwa mpeleka barua. Aliishi mlimani, mfuko wa barua shingoni, na hakusema neno hata moja. Ilikuwa muziki tu: filimbi akifurahi, ngoma akiogopa. Alivuka mito na matope kupeleka barua za wanyama waliogombana, waliohama, waliougua. Akishtuka, miiba ilimsimama na kutoboa barua zote, na aliyeandikiwa alilazimika kusoma kwa kurukaruka matundu. Fundi mwenyewe alicheka mpaka akajishika mbavu.

Nikakua, nikazaa, na binti yangu alipofika miaka mitatu nilimwacha kwa mamangu huko huko Itumbe nikaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mkataba ulisema miaka miwili. Nilikaa mitano.

Simu nilipewa Ijumaa alasiri, kwa dakika chache, nikiwa nimejibanza chumba cha kufulia. Mamangu aliweka simu sikioni mwa mtoto. Lakini unamwambia nini mtoto wa miaka mitatu? "Umekula? Umekula nini?" Nilisikia kuku wa mamangu, nikasikia mtoto akipumua, basi. Ijumaa moja nikamsimulia jinsi Nungu alivyompelekea fisi barua. Nilipofika mahali pa kupumzika, sauti ndogo ikasema, "Halafu?"

Hilo "halafu" ndilo lililonishikilia kule.

Katuni nilizokumbuka ziliisha baada ya miezi michache. Nikaanza kutunga. Nilimtungia Nungu rafiki, kifaranga wa kware aliyepotezana na mama yake. Kifaranga alisafiri akiwa juu ya mgongo wa Nungu, na kabla hajapanda, Nungu alilaza miiba yake yote, mmoja mmoja, asimchome. Kifaranga huyo aliogopa radi. Alikataa mboga. Alilala akinyonya kidole. Mambo hayo yote nilikuwa nimeambiwa na mamangu kuhusu mtoto wangu mwenyewe. Na mtoto aliponiuliza, nilimwambia ilikuwa hivyo hivyo kwenye televisheni, kwamba niliona kwa macho yangu. Nadhani nilitaka kumpa kitu kilichokuwa na nguvu kuliko neno langu, kwa sababu neno langu lilikuwa limeanza kulegea. Kila mwaka nilimwambia nitakuja Desemba.

Nilirudi mwaka jana, yeye akiwa na miaka minane. Alimwita mamangu "baba", ambalo kwa Kigusii ndilo jina la mama. Mimi siku ya kwanza aliniita anti. Hakuna aliyemfundisha, na hakuwa na ubaya wowote, alikuwa tu ananitafutia mahali pa kuniweka. Nilipanga vyumba viwili hapa Masimba nyuma ya duka langu la ushonaji, na muhula ulipofungwa akaja kukaa nami. Tulikuwa wageni wenye adabu. Aliniomba ruhusa ya kunywa maji. Kitu kimoja tu tulikuwa nacho pamoja, nacho ni Nungu.

Ndipo tangazo likatokea. Nungu anarudi, kwa rangi, vipindi vipya. Alikimbia kutoka nyumbani hadi dukani, nami nikiwa nampima mteja, pini zimejaa mdomoni.

"Anarudi! Kifaranga pia atakuwa?"

Ningeweza kutema pini nikasema. Mteja alikuwa mwanamke mwenye subira, angengoja. Lakini nilitazama uso ule, ambao tangu nirudi sikuwa nimeuona ukifunguka hivyo, nikasema, "Tutaona."

Nilikuwa na wiki tatu za kumweleza. Kila asubuhi nilisema jioni, na kila jioni nikasema kesho. Yeye naye alikuwa ameshawatangazia watoto wote wa ploti.

Jumapili hiyo nilitazama mawingu yakikusanyika upande wa Nyamira na, Mungu anisamehe, niliomba stima zipotee, televisheni isiwake. Hapa kwetu mvua ikidondoka kidogo tu, stima huenda. Siku hiyo mvua ilipiga mabati kwa nguvu, na stima zikakaa.

Nungu akatokea. Alikuwa wa buluu. Alivaa viatu na miwani, na miiba yake ilikuwa laini kama brashi ya kupaka rangi, imechanwa upande mmoja. Kisha akafungua mdomo akasema. Alisema haraka, bila kupumzika, kama mtu anayetangaza mnada redioni. Mfuko wa barua haukuwepo. Alikuwa na simu mkononi, ujumbe ukifika kabla yeye hajaondoka, kisha akapanda gari lenye mabawa akaenda hata hivyo. Nilijiuliza, kama habari imeshafika, huyu anakwenda kufanya nini? Alikwenda kushindana kucheza densi na mbweha. Waliimba mara tatu. Mlima wake, ule niliokuwa nikiuona hata nikifumba macho, ulikuwa na lifti.

Mguu wangu ulikuwa umesimama juu ya pedali bila mimi kujua. Niliona uchungu kuliko nilivyotarajia. Hata bila uongo wangu, kile kilikuwa kipindi kibovu.

Watoto walicheka mwanzoni, halafu wakaanza kusukumana. Binti yangu hakucheka wala hakusukumana. Alikuwa amepiga magoti karibu na skrini na hakuwa akimtazama Nungu kabisa. Alitazama pembeni, nyuma ya mawe, kwenye nyasi. Jani likitikisika aliinua mkono. "Ni yeye!" Alikuwa kindi. Tena, "Ni yeye!" Ulikuwa mpira.

Msichana mmoja mkubwa, binti wa mama mboga wa mlango wa tatu, akasema, "Mimi nilimuuliza mamangu. Aliangalia hiyo katuni akiwa mdogo. Amesema hakukuwa na kifaranga."

"Mamako amesahau."

"Hajasahau. Anajua mpaka ya fisi."

Binti yangu akanigeukia. "Mama, si alikuwa?"

Mbele ya watu hakuwa amewahi kuniita mama. Aliniita wakati ule kwa sababu alihitaji shahidi. Watoto wote sita walinitazama. Mvua ilikuwa inapiga, na yule Nungu wa buluu anaimba.

"Hebu tuangalie mpaka mwisho," nikasema.

Watoto si wajinga. Binti wa mama mboga alimtazama mwenzake, na mwenzake akatazama chini akijizuia asicheke. Binti yangu akarudisha uso kwenye skrini. Alikaa hivyo mpaka mbweha akashinda, mpaka Nungu akasema kitu cha kuchekesha ambacho hakikuchekesha, mpaka maandishi yakaanza kupanda. Aliyasoma yote. Likaja tangazo la sabuni.

"Kifaranga wa hewa!" mmoja wao akapasuka, na wote wakaangua kicheko.

Alizima televisheni. Aliukunja mkeka mtoto mmoja akiwa bado amekaa juu yake, akausimamisha ukutani, akaingia chumba cha kulala na kutia komeo. Watoto walitoka, viatu mkononi, wakapita chini ya ukingo wa paa.

Nilibisha. Nikabisha tena.

"Hakukuwa na kifaranga," alisema kutoka ndani. Hakuwa akiuliza.

"Hakukuwa. Nilimtunga mimi."

"Na ule mto Nungu alioukuta umejificha chini ya mchanga?"

"Nilitunga."

"Na barua ya fisi?"

"Hiyo ni ya kweli. Niliiona kwa fundi."

Nilifikiri tumemaliza, nikaanza kupumua. Kisha akauliza, sauti ikiwa karibu zaidi, kama mtu aliyeketi sakafuni upande wa pili wa mlango:

"Na Desemba?"

"Desemba ipi?"

"Zote."

Nilikaa chini. Sakafu ilikuwa baridi. Ningeweza kusema yeye ni mtoto, kwamba mambo hayo ataelewa akikua. Sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni.

"Ya kwanza nilidhani nitakuja kweli," nikasema. "Mwajiri alikuwa na pasipoti yangu, akakataa kunipa. Ya pili nilijua siji."

"Na ukasema unakuja."

"Nikasema nakuja."

"Na ya tatu?"

"Hata ya tatu nilijua."

"Baba alinivalisha sweta," alisema, akimaanisha bibi yake. "Tulikaa kwa lango mpaka ng'ombe wakarudi. Nilikuwa na barua niliyokuandikia."

Mamangu hakuwahi kuniambia. Kwenye simu alisema tu, mtoto hajambo, chai inachumwa, mvua ni nzuri.

"Nataka kurudi Itumbe," alisema. "Nataka kwenda kwa baba."

Nilitoka hadi barazani nikampigia mamangu. Nilikosea nambari, nikarudia. Nilimweleza kwa Kigusii, haraka haraka, kwamba nimeharibu, kwamba mtoto amejifungia, kwamba kesho asubuhi nitamleta.

"Usimlete," mamangu akasema.

"Mama, hataki kuniona."

"Nimesikia. Ukimleta kesho atajua kwamba ukishindwa unamrudisha. Wewe keti hapo mlangoni."

"Nimwambie nini?"

"Anachouliza. Kingine usimwambie." Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, "Na mimi pia nilikosa. Ile siku ya lango ningekwambia. Niliogopa utalia na uko mbali."

Nilirudi nikaketi. Niliegemeza mgongo mlangoni na kumwambia mtoto kwamba bibi amesema tukae. Mvua ilipungua, watu wakaanza kupita barabarani, harufu ya mahindi ya kuchoma ikaingia. Aliuliza mambo machache, kwa mapumziko marefu katikati. Kama walinipiga kule kazini. Nikasema walinipiga mara moja. Kama kule nilikuwa na mtoto mwingine wa kulea. Nikasema ndiyo, wawili. Hapo nilisikia kucha zake zikikwaruza mbao.

"Hao uliwaambia Nungu?"

"Sikuwahi. Walikuwa hawaelewi lugha yangu."

Ilikuwa kweli, lakini hata kama wangeelewa nisingewaambia, nikamwambia na hilo.

Komeo likafunguka jua likiwa linaelekea kuzama. Macho yalikuwa yamevimba. Alinipita, akaenda msalani, akarudi.

"Nasikia njaa," akasema. "Lakini bado nimekasirika."

Nilimkaangia yai, tukala na ugali.

Kwa wiki nzima aliniambia mambo ya lazima tu. Watoto wa ploti walimwita Kifaranga, na jina hilo lilinichoma mimi kuliko yeye. Siku ya tatu alimshika binti wa mama mboga kwa shingo ya fulana na kumwambia kitu ambacho mpaka leo hajanifichulia, na jina likakoma. Nilijaribu kumsimulia hadithi wakati wa kulala. Akasema hapana, asante, kwa ile adabu ya mgeni. Nilizima taa nikakaa ukingoni mwa kitanda, sijui niende au nibaki, mpaka akasinzia.

Jumapili iliyofuata alienda kwa jirani kutazama kipindi cha pili bila mimi. Aliporudi alisimama mlangoni pa duka, mikono nyuma.

"Bado ni mbaya," akasema.

"Ni mbaya kweli," nikasema.

"Anaongea sana. Na haogopi kitu. Kama haogopi, miiba ni ya nini?"

Niliweka mkasi chini. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo, na nilimwambia hivyo. Aliingia, akakaa kwenye kigoda, na tukakisema kile kipindi vibaya mpaka mteja akaja: gari lenye mabawa, densi, lifti ya mlimani. Alicheka mara moja. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaacha.

Sasa kila ninachomwambia anakipima. Nikisema mwalimu ametuita, au maziwa yameisha, au bibi anakuja Ijumaa, ananiangalia usoni na kuuliza, "Ya kweli ama ya kutunga?" Mwanzoni niliona aibu, hasa mbele ya wateja. Sasa najibu tu.

Wiki iliyopita nilienda Kisii mjini kununua vitambaa. Nilimwambia nitarudi saa kumi na moja. Akauliza, nikasema ya kweli. Mjini nilikuta foleni dukani, na vitambaa vya sare vilikuwa bado havijashushwa kutoka kwenye lori. Muuzaji aliniambia ningoje nusu saa tu. Nilitazama saa, nikaviacha, nikaondoka mikono mitupu. Nilifika saa kumi na dakika arobaini. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka letu na simu ya jirani mapajani, akiangalia saa.

"Vitambaa viko wapi?" akauliza.

"Havikuwa tayari. Ningengoja ningechelewa."

Alinitazama usoni. Hakuuliza kama ni ya kutunga. Akasimama, akaenda kumrudishia jirani simu yake, nami nikafungua duka.