Shingo Yangu na Samaki wa Mama

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko kijijini nasubiri barua ya kazi, shingo ikaanza kuvimba. Baada ya miezi kadhaa sitoki bila kujitanda kanga mpaka kidevuni. Wasichana kisimani wakanicheka: "Msomi, umemeza kitabu?" Nikawa nateka maji mchana wa jua kali, wenzangu wakishaondoka.

Sisi ni watu wa Mikindani. Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, huko ndani kwenye mikorosho, tukawa tunakula ugali wa muhogo mchungu na kisamvu, basi. Lakini mgeni akimuuliza mama tumekula nini, jibu lilikuwa samaki. Mtu wa pwani akose samaki? Aibu.

Mama akanipeleka zahanati. Nesi alinipapasa koo, akanimezesha mate, akasema uvimbe huu ni rovu.

"Mama, nyumbani mnakula nini?"

"Samaki, mwanangu. Sisi si watu wa bara."

"Kila siku?"

"Siku zote."

Nesi akakunja uso. "Basi sielewi. Rovu mara nyingi ni kukosa madini ya aidini, na samaki wa baharini wanayo. Itabidi aende hospitali Mtwara, pengine wampasue."

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama ukuta. Nipasuliwe shingo kwa sababu ya aibu? Sikungoja.

"Hatuli samaki," nikasema. "Tangu tuhamie tumekula mara mbili. Tunakula ugali wa muhogo mchungu, na huo muhogo tunauloweka siku moja tu."

Nesi akafuta alichoanza kuandika kuhusu Mtwara. Akasema muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unauzuia mwili kutumia hata hiyo aidini kidogo mnayopata. Tuuloweke siku tatu au nne, tuuanike ukauke, na tutafute samaki.

Njiani mama alitangulia mbele kwa haraka. Tulipofika akasema, "Umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu."

Wiki ile alikwenda kwa ndugu zake Mikindani kwa miguu, akarudi na samaki wakavu. Akawapika, akaniwekea wote kwenye sahani yangu.

"Kula. Si ulisema hatuna?"

Yeye na wadogo zangu wakala kisamvu jikoni. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Nilikula peke yangu barazani.

Mwezi wa nne tangu siku ya zahanati nikajipapasa, nikaona uvimbe umelainika, umepungua. Nilitaka mama aweke mkono wake aguse. Alikuwa jikoni, mlango ameurudishia.