Tabaka la Tisini

Kijiji kizima cha Gazi kilijua kazi ya Twaiba, na Gazi nzima iliicheka. Mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, anashinda ameinamia hadubini akichambua tope! Lakini ni kuchambua huko huko kulikompatia kazi. Daktari Viola, mtafiti kutoka bara, alimwona arusini akitoa mawe katika mchele, hapepesi jicho, na mchele ukitoka mikononi mwake umetakata. Wiki iliyofuata akampa brashi yenye nywele tatu, akamwonyesha magamba ya vijidudu vya kilindini, madogo kuliko chembe ya chumvi. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa, na hakuna aliyewahi kuirudia kazi ya Twaiba kuihakikisha.

Tope lenyewe lilitolewa na meli, mbali huko, chini kabisa ya bahari. Lilipandishwa kwa bomba refu, likakatwa tabaka kwa tabaka kama mkate. Kila kijidudu hujenga gamba lake kutokana na maji yanayokizunguka, na ndani ya gamba hubaki oksijeni ya aina mbili, nzito na nyepesi. Mashine za ng'ambo huipima, na kipimo hicho husaidia kueleza maji ya kilindini zama hizo yalikuwa baridi kiasi gani, na yalitiririka kutoka upande gani wa dunia. Tabaka la themanini na tisa lilisema jambo moja, la tisini na moja likasema jingine kabisa. Basi mageuzi yenyewe yalikuwa katika la tisini, na la tisini lilikuwa limebaki donge moja tu, sawa na tende.

Ijumaa hiyo Twaiba aliona chujio lake la shaba limeota kutu ya kijani. Akafanya kama alivyofunzwa na mamake kusugua sinia: akakamua ndimu nne katika bakuli la maji, akalitumbukiza chujio, akaenda kuswali. Aliporudi, chujio lilikuwa likimeremeta; akalitoa, akalifuta. Mezani palikuwa na mabakuli mawili yanayofanana. Akalitia donge la tisini katika moja ili lilegee. Likatoa povu jembamba. Twaiba akafurahi kwamba leo tope linalainika upesi.

Jumatatu akaliosha, akalitazama katika hadubini. Mchanga mtupu. Magamba sita tu, yametoboka, membamba kama ngozi ya kitunguu. Akamwita Daktari.

Viola alitazama, akatazama tena, kisha akamkumbatia. "Mama Twaiba, yameliwa! Maji yenye asidi yalipita huko chini, yakayamaliza magamba yote. Hii ni kubwa, mama! Tumeiona bahari ikigeuka!" Akachora mshale mwekundu ubaoni. Alhamisi angewatangazia watafiti wenzake wote.

Jioni Twaiba akaenda kuosha vyombo. Bakuli moja lilikuwa na maji safi, hayajaguswa. Katika lile lililotiwa tope, mbegu ya ndimu ilikuwa imeganda chini.

Akaibandua, akaifunga katika pindo la leso yake.

Siku mbili hakula. Mumewe alipokamulia samaki ndimu, Twaiba aliondoka mkekani. Nani angejua? Yeye na ile mbegu tu. Angenyamaza, Daktari angesifiwa, na uongo ungeandikwa vitabuni kwa mkono wa mtu asiye na kosa. Angesema, nani angeuamini tena mkono wake? Na mkono huo ndio kitu pekee alichokuwa nacho. Alilia akisujudu, akalia akifua, na tuseme kweli, mara mbili aliitupa ile mbegu uani na mara mbili akarudi kuitafuta.

Alhamisi asubuhi alimkuta Viola akipanga karatasi zake.

"Shikamoo, mama. Umewahi leo."

"Marahaba. Daktari, ufute ule mshale."

"Kwa nini?"

Twaiba akaiweka mbegu mezani. "Nilisafisha chujio kwa ndimu, nikakosea bakuli. Hakuna bahari iliyoyala magamba yale. Bahari hiyo ni mimi."

Viola akaufuta mshale kwa kiganja, taratibu, na wekundu ukabaki mkononi.

"Na mengine, mama? La themanini na tisa? La tisini na moja? Yale ya miaka yote hii?"

"Wallahi, ndimu niliitumia siku hiyo moja tu."

"Nitajuaje?"

Twaiba akaishika brashi yake.

Viola hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alitelemsha makasha ya magamba ya miaka tisa kutoka rafuni, moja moja, akayapanga chini. Akavuta kiti cha Twaiba, akaketi mbele ya hadubini, akafungua kasha la kwanza, tabaka la kwanza, akaanza kuhesabu upya.

Twaiba alisimama mlangoni na brashi yake mkononi. Hakuambiwa aende, wala hakuambiwa akae.