Bibi na Enkuba ya Ukutani

Nilikuwa bado mtoto, wa umri wa kubebeshwa wadogo mgongoni, umeme ulipoingizwa nyumbani kwetu Kahororo, miaka ile ya ujamaa. Baba, aliyekuwa mwalimu, aliuita maendeleo. Bibi, mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Muleba, aliuita enkuba, yaani radi.

“Mmeifungia enkuba ukutani,” alisema, “halafu mnalala usingizi!”

Tulicheka. Kijijini kwao waliamini kwamba mtu aliyeshikwa na enkuba haguswi kwa mkono, maana itamrukia anayemgusa. Basi kila alipopita karibu na swichi, Bibi alijibana upande wa pili kama anayempisha ng'ombe mkali. Mimi nilimwigiza, na mama alinikanya huku naye akificha kicheko.

Jumapili moja shangazi Koku, mdogo wake baba, alikuwa akitarajia wakwe. Alisimama peku kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, akipiga pasi gauni lake jipya. Waya wa pasi ulikuwa umechubuka. Ghafla alitoa ukelele mmoja, akanyamaza. Mkono ulikuwa umeganda kwenye pasi, mwili wote unatetemeka.

Baba akaruka amshike.

“Mtu asimguse!” Bibi alipaza sauti.

Sijawahi kusikia tena sauti ile. Baba, mtu mzima na kipara chake, alisimama palepale kama mtoto. Bibi akanyakua mchi mkavu wa kutwangia karanga, akaupiga waya mpaka ukachomoka ukutani. Shangazi akaanguka huku, pasi kule.

Baada ya muda akafumbua jicho moja.

“Gauni limeungua?”

Lilikuwa limeungua, tena pale pa kukalia. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, nasi tukamfuata mpaka machozi. Shangazi alipelekwa hospitali, akapimwa, akarudi kupokea wakwe ndani ya gauni la mama lililokazwa kwa mkanda wa baba. Walimpenda hivyohivyo.

Ukubwani nilijifunza kwamba aliyepigwa na radi anaguswa, tena ahudumiwe upesi. Kuhusu radi, basi, Bibi alikosea. Wanangu nimewafundisha kuzima swichi kuu kwanza, na waya uliochubuka haukai nyumbani kwangu. Hata hivyo, nikimkumbuka akijibana ukutani, sicheki tena kama zamani. Sisi tulikuwa tumeuzoea umeme ndani ya wiki chache tu. Yeye alikuwa bado anauogopa, na kwa woga wake baba yangu na shangazi yangu waliishi hadi uzeeni.